Kifungu cha Saba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni na mkasi wake wa kukatia ngozi bandia, anakata katoni la jokofu. Chumba kilikuwa kimoja chenye pazia katikati, kwa hiyo kila aliyetaka kupita ilimbidi amruke. Mkewe alishamruka mara mbili na ndoo ya maji. Mara ya tatu akasimama.

"Hivi baba, unakwenda kununua gari au unakwenda kushona gauni?"

"Nakata kiti cha mtoto."

"Kiti cha mtoto si hicho amekikalia?"

"Ndiyo maana nakata."

Fundi alikuwa fundi viti. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akishona viti vya magari kwenye kibanda cha mabati mbele ya chumba chao, na miaka yote hiyo hakuwahi kupitisha mkasi mahali bila kiolezo. Leo alikuwa anakwenda kutafuta gari lililotumika, na sharti la kwanza la gari hilo ni limeze kiti cha magurudumu kilichokunjwa. Kiti chenyewe hakingeweza kwenda yadi ya magari, maana mwenyewe angebaki amelala siku nzima. Basi Fundi alikata umbo lake, magurudumu, mbavu na mishikio, akaviunga kwa gundi ya karatasi mpaka kikasimama.

Mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na minne ambaye mtaa mzima ulimwita Wakili, kwa kuwa hakuwahi kuambiwa jambo akalipokea bila swali la pili. Miguu haikuwahi kumbeba tangu azaliwe. Mdomo ulifanya kazi yake na ya miguu.

"Sitini na nane, baba, siyo sitini na saba," alisema kutoka dirishani, futi ya kitambaa ikiwa shingoni kama ya baba yake. "Nimepima mara tatu."

Fundi akaongeza sentimita moja.

Wakili alikuwa amefaulu. Shule aliyopangiwa ilikuwa kilomita kumi na mbili kutoka pale, na barua ya mkuu wa shule ilisema aripoti Jumatatu saa moja asubuhi. Asipofika, nafasi yake atapewa mwanafunzi anayefuata kwenye orodha. Shule ya zamani ilikuwa karibu, mama yake alimsukuma kwa miaka saba, jua na mvua. Hii mpya ilihitaji gari. Makonda wa mabasi walishajaribiwa wiki nzima. Wa mwisho aliangalia kile kiti, akasema, "Mama, hicho kinakula abiria wanne," akagonga bodi la basi, dereva akaondoka.

Ndipo familia ikaanza kujiandaa. Na walijiandaa kweli. Fundi injini wa kona ya pili, aliyeitwa Sikio kwa vile alisikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, alikuja jioni tatu mfululizo kuwafundisha namna ya kuangalia gari la watu. Wakili aliandika kila neno katika daftari la mistari, akayapanga mafunzo kwa vifungu kama sheria, na sasa alikuwa amelifungua mapajani.

"Kifungu cha kwanza?"

"Nisiende na njaa. Mwenye njaa anakubali lolote ili arudi nyumbani."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mama, amekula?"

"Nusu kikombe cha chai," alisema mama.

Wakili akamtazama baba yake mpaka akachukua kipande cha mkate. "Kifungu cha nne?"

"Boneti. Naishika kabla sijamsalimia mtu. Ikiwa ya moto, wamewasha gari mapema kuficha kitu."

"Cha tano?"

"Sumaku kwenye milango. Pasiposhika, pamezibwa kwa pati, siyo chuma." Akaonyesha sumaku yake ya kuokotea sindano, aliyoivika kipande cha flana isikwaruze rangi za watu.

"Cha sita?"

"Nafunua mkeka wa buti. Natafuta tope, kutu, harufu."

"Cha saba?"

"Nisikae."

Hicho Sikio alikuwa amekisisitiza kuliko vyote. Mnunuzi akishakaa kwenye kiti kizuri na kushika usukani, alisema, ameshanunua. Kilichobaki ni kujitafutia sababu. "Lakini wewe nakufundisha nini?" alimwambia Fundi. "Si ndiyo kazi yako hiyo, kuwakalisha watu?" Wote walicheka, na Fundi alicheka kuliko wote, kwa sababu lilikuwa kweli.

Pesa zilizokuwa kwenye mfuko alioushonea ndani ya suruali zilikuwa za miaka minne, lakini zisingefika popote kama si kazi ya miezi miwili iliyopita. Dalali mmoja wa magari, mzee mchangamfu ambaye kila mtu alimwita Mjomba, alimletea viti vya magari kumi na moja kwa mkupuo. Viti tu, juu ya mkokoteni. Magari yenyewe Fundi hakuyaona, kama ambavyo hakuyaona mengi ya aliyoyashonea. Vilikuwa vimelowa mpaka ndani, vinanuka tope. Fundi aliuliza vimeogelea wapi. "Wewe shona," Mjomba alimjibu, akalipa nusu papo hapo. Fundi hakuuliza tena. Alibadilisha sponji, akashona ngozi mpya, lakini harufu ikagoma kutoka kwenye vyuma, hadi Wakili alipokumbuka kwamba darasani walifundishwa mkaa hunyonya harufu. Baba na binti wakashona vifuko vidogo vya mkaa, wakavificha ndani ya kila mgongo wa kiti. Harufu ikaisha. Na chini ya kila kiti, pasipoonekana, Fundi akaweka mishono mitatu ya uzi mwekundu, kama alivyofanya kwenye kila kazi yake, ili kiti kikirudishwa na malalamiko ajue kama ni chake au wanamsingizia. Kutunga uzi huo mwekundu ilikuwa kazi ya Wakili, kwa kuwa macho ya baba yalishaanza kuchoka.

"Nenda," mkewe alimwambia sasa. "Na usiongee sana. Wewe ukianza kuongea unapunguziwa akili badala ya bei."

Fundi akatoka na daftari, sumaku na kiti cha katoni begani. Watu walimpisha njiani wakidhani anahama.

Kituo cha kwanza kilikuwa ofisi ya msamaha wa kodi. Sheria ilisema mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anasamehewa kodi ya gari moja, na kwa msamaha huo Fundi angeweza kuchukua gari zima lililoshuka melini juzi, ambalo yadi moja ya bandarini ilikubali kumwekea mpaka saa sita mchana. Bila msamaha, pesa yake ilitosha tu magari yaliyokwisha kuzungushwa humu humu nchini.

Ofisi ilifunguliwa saa mbili. Mhudumu wa dirisha la nne alifika saa tatu na robo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, mpole, asiyepandisha sauti. Alipanga kalamu zake tatu, akafuta meza, akaita namba ya kwanza. Fundi alikuwa wa kumi na saba. Zamu yake ilipofika, saa tano ilikuwa imepita.

"Umejaza vizuri sana, mzee," mama alisema akifunua kurasa. "Wengi wanakosea kipengele cha kumi na mbili."

"Amejaza binti mwenyewe."

"Ana mwandiko mzuri, hongera. Ila cheti chake cha ulemavu kimeisha."

"Kimeisha namna gani?"

"Kinadumu mwaka mmoja. Hiki kimeisha mwezi uliopita, tarehe nne."

"Lakini ulemavu wenyewe haujaisha, mama."

"Sijasema ulemavu, mzee. Nimesema cheti."

Fundi akavuta pumzi. Alikumbuka onyo la mkewe, asiongee sana. "Mama yangu, mtoto amezaliwa hivyo. Mwakani atakuwa hivyo. Siku mimi na wewe tunazikwa atakuwa hivyo."

"Mimi nakuelewa. Inayotakiwa kuelewa ni bodi ya madaktari. Mpeleke wamwone tena, waandike hali ni ile ile, mimi nakupitishia siku hiyo hiyo."

"Bodi inakaa lini?"

Mama akageukia kalenda ukutani, akafuata tarehe kwa kidole. Alionekana kusikitika kweli. "Inakaa mara nne kwa mwaka. Imekaa jana."

Fundi alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, na watu wa nyuma kwenye foleni wakanyoosha shingo kuona kuna nini.

"Na hicho nini?" mama aliuliza, kwa upole ule ule.

"Kiti chake. Napima kama kitaingia kwenye buti."

Mama akapitisha mkono dirishani, akagusa gurudumu la katoni. "Kimekatwa vizuri," alisema. Kisha akachukua muhuri, akagonga kila ukurasa wa fomu ile iliyojazwa kwa mwandiko mzuri: IMEREJESHWA. Kurasa sita, mihuri sita.

Nje, Fundi aliwapigia simu watu wa bandarini kuwaomba wamwekee gari mpaka robo nyingine ya mwaka. Hawakumtukana. Walisema tu kuna mtu anayefuata.

Yadi aliyobakiwa nayo ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Aliichagua makusudi, mbali na yadi ambazo alijua Mjomba huingiza magari, maana viti vya huko alivielewa mno. Sikio alikuwa akimsubiri getini na bisibisi yake mfukoni, amekunja uso kwa jua.

"Kifungu cha pili kinasema asubuhi," alisema.

"Asubuhi imeliwa na serikali."

"Na msamaha?"

Fundi akamwonyesha muhuri. Sikio akasoma, akafyonya, wakaingia.

Magari yalikuwa kama arobaini juu ya kokoto, yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka yanaumiza macho. Yaliyolingana na pesa ya Fundi yalikuwa matatu. La kwanza sumaku ilidondoka mlangoni. La pili kadi yake haikulingana na namba iliyogongwa kwenye chuma, na muuzaji, kijana nadhifu mwenye viatu vya ncha, akasema hilo ni kosa la uchapaji. La tatu lilikuwa dogo la kijivu, mlango wa nyuma unafunguka kwa juu.

Fundi alishika boneti. Ilikuwa ya moto kwa jua tu. Alipitisha sumaku milango yote minne. Ikashika kila mahali. Sikio alichomoa kijiti cha oili, akafuta, akachovya tena, akanusa. Gari likawashwa. Akaweka bisibisi kwenye injini na sikio kwenye mpini, akafumba macho kwa muda mrefu, na muuzaji akaacha hata kutafuna ubani. Bomba la moshi likawekewa kitambaa cheupe. Kikatoka na vumbi kidogo tu. Wakafunua mkeka wa buti. Chini palikuwa pakavu, pamesuguliwa, pananukia sabuni.

"Sasa mtie mtoto," Sikio alisema.

Vibarua wa kuosha magari walisogea kumcheka mtu mzima aliyekuja yadi na midoli. Fundi akainua kiti cha katoni, akakiingiza kwa upande, akakilaza, akashusha mlango taratibu. Ukafunga. Palibaki nafasi ya kidole kimoja. Fundi alisimama na kiganja juu ya kioo cha nyuma, akaogopa kugeuka wasije wakauona uso wake. Vibarua wenyewe hawakucheka tena.

"Lina afya," Sikio alisema akifuta mikono. "Chukua, usijivute. Mimi kuna mteja ananisubiri." Alimpiga Fundi begani, akaondoka akijisifia mwenyewe njia nzima mpaka getini.

Bei ilibidi imalizwe na mwenye gari, kwa sababu yadi iliuza kwa niaba yake. Muuzaji alipiga simu, akasema yupo njiani, dakika kumi. "Kaa ndani, mzee, jua kali hili."

Fundi alichungulia dirishani. Viti vilikuwa vyeusi, mshono wa kijivu, mtindo ambao mafundi wote wa mji walikuwa wanashona mwaka ule kwa sababu kila yadi iliutaka huo huo. Mshono ulikuwa umenyooka hasa. Aliona wivu kidogo, akajiuliza ni nani huyo upande huu wa mji mwenye mkono kama ule. Ukiacha kile cha asubuhi, vifungu vyote vya kabla ya cha saba vilikuwa vimeshatimia. Akafungua mlango, akakaa.

Kiti kilimpokea. Akashika usukani, akaona Jumatatu: anamwinua Wakili kutoka kwenye kiti chake, anamweka hapa pembeni, anamfunga mkanda, Wakili anauliza kwa nini wanapita njia hii na siyo ile. Wanapita kituo cha basi, na konda yule yule amesimama mlangoni. Fundi angepiga honi. Asingesema kitu, angepiga honi tu. Akatabasamu peke yake, akaegemea kwa nguvu.

Mgongoni kitu kikavunjika. Kilivunjika kwa sauti ndogo kavu, ndani, chini kidogo ya bega la kushoto.

Aliacha kutabasamu. Akaegemea tena, na tena kikasagika. Akatoka, akapiga magoti kwenye kokoto, akapitisha mkono chini ya kiti mpaka mwisho wa pindo, mahali ambapo mnunuzi hana sababu ya kugusa. Vidole vyake viliijua mishono mitatu kabla hajainama kuiona. Ilikuwa myekundu.

Alibaki amepiga magoti pale. Sikio lake la kuazima lisingesikia, na sumaku isingeshika, kwa kuwa mwenye kulifichia gari hili ubaya wake alikuwa yeye. Tope lililotafutwa kwenye buti lilikuwa limeshatolewa. Harufu iliyoandikwa kwenye kifungu cha sita aliiua yeye na binti yake, kwa mkaa wa jikoni.

"Fundi wangu!" sauti ilisema juu yake. "Unasali au umeangusha pesa?"

Alikuwa Mjomba, amevaa kofia, ameshika ufunguo wa pili wa gari.

"Hili ni mojawapo ya yale kumi na moja," Fundi alisema.

Mjomba akatazama huku na huku, akachuchumaa karibu naye kama watu wanaokagua tairi. "Nilijua unajua. Si wewe umelivalisha?"

"Lilizama."

"Maegesho ya bondeni, siku ile ya mvua. Mpaka kwenye vioo. Lakini limeoshwa, limekaushwa, nyaya zimepulizwa. Linatembea, umeliona."

"Mpaka lini?"

"Sasa hapo nani ajuaye? Mwezi, mwaka. Lingine linadumu kuliko wewe na mimi. Nikupunguzie, wewe ni mtu wangu."

Akataja bei. Ilikuwa chini sana, ingebaki na ya mafuta ya muhula mzima. Fundi aliifikiria. Hakuna haja ya kumsafisha, aliifikiria kwa dhati, magoti yakiwa kwenye kokoto. Kisha akakumbuka alivyowahi kusikia kwa Sikio kwamba gari lililokunywa maji huanza kufa kwenye nyaya: linazima lenyewe barabarani, vioo havishuki, milango inajifunga. Mtu mzima atavunja kioo, atatoka. Akamwona Wakili amefungwa mkanda ndani, anauliza maswali.

"Nionyeshe lingine," alisema. "Ambalo halikuzama."

"Kwa pesa hiyo?" Mjomba hakuwa na dhihaka. Alikuwa anamweleza mtu wa nyumbani. "Kwa pesa hiyo, Fundi, yote yamezama."

Muuzaji alikuwa anakuja na wateja wengine wawili. Mmoja alikuwa muuguzi, gauni jeupe la kazi likionekana chini ya sweta, na mwingine mama yake, bibi anayetembea kwa kushika vitu. Muuguzi naye alikuwa na karatasi yake iliyokunjwa mkononi, ameandika mambo ya kuangalia, na kwa jinsi ilivyochakaa mikunjo alikuwa ameshaisoma mara nyingi. Bibi hakungoja kuambiwa. Alifungua mlango wa abiria wa nyuma, akajishusha kwenye kiti kidogo kidogo, akaegemea, akatoa pumzi ndefu.

"Yaani mgongo wangu umepata mwenyewe," alisema. "Wewe mtoto, hili hili."

Muuguzi alicheka, kisha akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa anakitoa kiti chake cha katoni kwenye buti.

"Shikamoo, baba. Nimeona umelikagua muda mrefu. Mbona huchukui? Lina tatizo?"

Mjomba alikuwa anachezesha ufunguo kidoleni, anamtazama Fundi kwa uso wa kawaida kabisa, kama anayesubiri kuambiwa saa ngapi. Kazi yote iliyoingia kibandani mwaka ule ilitoka kwenye mkono ule wenye ufunguo.

"Marahaba," Fundi alijibu. "Halina tatizo, mwanangu. Kiti cha binti yangu hakikuingia kwenye buti."

"Pole, baba."

"Nimeshapoa."

Bibi alimpungia mkono kutoka dirishani. Mjomba alimsindikiza Fundi mpaka getini, mkono begani, na pale akamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe ni muungwana. Jioni nakuletea seti nne."

Alifika nyumbani saa kumi. Mkewe alikuwa amefagia mbele ya kibanda na kuondoa mawe mawili, ili gari lipate pa kusimama. Wakili alikuwa amevaa sweta jipya la shule, anajaribu tu, alisema, kama mikono inatosha. Walitazama nyuma yake barabarani, wakaona hakuna kitu.

"Msamaha wamekataa," Fundi alisema. "Cheti kimeisha."

"Na la yadi?" mkewe aliuliza.

"Nililipata moja. Kiti hakikuingia."

"Kilizidi wapi?" Wakili aliuliza.

"Nyuma. Mlango haukufunga."

"Kwa sentimita ngapi?"

"Kidogo. Mbili, tatu."

Wakili aliomba apewe kile kiti cha katoni. Akakigeuza mapajani, akakagua kona. Hakikuwa kimepindwa wala kuminywa mahali popote. Kilikuwa kama kilivyotoka asubuhi. "Baba," alisema. "Nilipima mara tatu."

Fundi akakaa kwenye kigoda chake, akavua viatu, kimoja kwanza. Hakuwahi kushinda kesi na mtoto huyu. "Nilikaa," alisema. "Nikaegemea. Nikasikia mkaa."

Hakuna aliyeuliza mkaa gani. Mama alikwenda nyuma ya pazia, wakamsikia akihamisha sufuria isiyohitaji kuhamishwa. Wakili alitazama mikono yake mwenyewe.

"Wamelichukua wengine?"

"Muuguzi mmoja. Na mama yake mzee."

"Ulimwambia?"

Fundi alikuwa anafungua kamba ya kiatu cha pili, ambayo haikuwa imefungwa. Wakili alisubiri. Alisubiri mpaka baba yake akainua uso, na alipouona hakuuliza swali la pili.

Mkokoteni ulifika saa kumi na moja. Vibarua wawili walishusha viti vya magari manne mahali pale palipofagiliwa, na tope jembamba likaanza kuchuruzika kutoka kwenye pindo kuelekea mlangoni. Nusu ya malipo ilikuwa kwenye bahasha, na imeongezwa. Mama alichukua kiti cha katoni, akakikanyaga kikalala, akakitandika chini ya viti ili maji yasiingie ndani.

"Vua sweta," alimwambia binti yake. "Litachafuka."

Wakili alivua, akalikunja, akampa. Fundi alishapasua kiti cha kwanza na kutupa sponji nje. Alishona mpaka mwanga ulipoanza kupungua, na kiti kilipokaribia kwisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama alivyofanya siku zote. Sindano ikawekwa kiganjani. Ilikuwa na uzi mwekundu.

"Nitungie mweusi," alisema.

"Mwisho si huwa mwekundu?"

"Leo mweusi."

"Sasa tutavijuaje kwamba ni vyetu?"

Fundi alimrudishia sindano, akashika pindo la kiti kwa vidole viwili lisifumuke, akangoja. Wakili akauchomoa uzi mwekundu, akatunga mweusi, akampa. Kisha akavuta gunia la mkaa karibu na magurudumu yake, akaanza kuponda.